Shafti ya Mwati

Jumamosi, 31 Mei 2025

Nimekosa tena. Mipira kumi, hatua tatu tu kutoka shimoni, nimeingiza miwili. Miwili! Scolastika kaingiza saba huku anatafuna muwa.

Zimebaki wiki mbili. Tarehe 14 Mwalimu Filemoni anachagua wasichana wawili wa kwenda Arusha, mashindano ya gofu ya vijana. Mimi sijawahi kuvuka Iringa. Mipira ya mbali napiga vizuri, hata wavulana wanajua. Shida ni kwenye grini, pale nyasi zilipokatwa fupi kabisa. Nikishika puta, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni — basi. Mpira unapita kulia. Kila mara kulia.

Naandika hapa tu, sitamwambia mtu: puta yangu siipendi.

Alinipa mwalimu mwenyewe mwezi wa tatu, mbele ya wazazi wote. Ilikuwa yake, kacheza nayo miaka. Shafti yake, yaani mpini wa chuma, imepinda mara mbili karibu na kichwa, kama bomba la chini ya sinki. Nilipiga goti, nikapokea kwa mikono miwili kama mama alivyonifunza. Watu wakapiga makofi. Sasa nani anapewa zawadi hivyo halafu aseme hainifai?

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo nimejua kwa nini nakosa. Afadhali nisingejua.

Mwalimu alitufundisha kupima. Unalaza shafti juu ya kidole, unaacha kichwa cha puta kijiamulie. Yangu ikageuza uso juu, ikatazama mawingu kama sahani. Ya Scolastika, ambayo shafti yake imenyooka, ikaning'iniza ncha chini. Mwalimu akasema kuna watu mkono wao unakwenda na kurudi kama treni kwenye reli — hao wachukue inayotazama juu. Wengine mkono unazunguka kidogo, kama mlango unavyofunguka na kujifunga. Hao ni wa ile yenye ncha chini.

Mimi ni mlango! Nimeangalia kivuli changu kwenye nyasi mara tano. Mlango kabisa. Na nimepewa fimbo ya reli.

Akauliza, kuna mwenye swali? Akanitazama kabisa. Nikaangalia viatu vyangu.

Jumapili, 8 Juni 2025

Ripoti ya shule imekuja. Mama akaisoma kwa sauti baada ya kanisa: “Able girl, but Esnath must speak up.” Akauliza maana yake. Nikasema wameandika nina bidii, siyo kwamba lazima nifungue mdomo. Mungu anisamehe, na hata saa moja ilikuwa haijapita tangu ibada.

Jana nilijaribu puta ya Scolastika. Tano kati ya kumi! Ila yeye ni mrefu, mwisho wa shafti unanichoma tumboni. Akaniambia, mwambie mwalimu bwana, kwani anakula watu? Hali watu. Ndilo tatizo. Angekuwa mkali ningeweza.

Jumatano, 11 Juni 2025

Makambako. Mama alinituma nipeleke viazi kwa Baba Mdogo Yoeli. Vumbi, malori, honi. Banda lake liko karibu na reli, anachonga mipini ya majembe na mashoka.

Baba Mdogo hauzi mpini hivi hivi. Lazima kwanza ulime mbele yake. Nyuma ya banda kuna kipande cha ardhi kimelimwa na wateja mpaka kimekuwa laini kama unga, na mke wake anapanda mboga hapo. Nilimkuta mzee mmoja wa Mdandu analalamika.

“Nimekuja kununua mpini, Yoeli, siyo kukulimia bustani!”

“Lima nikuone.”

“Na mbegu nilete?”

“Ukipenda.”

Mzee akalima. Baba Mdogo wala hakuangalia jembe, aliangalia viwiko. Akaenda ndani, akarudi na mpini mmoja tu. Mzee akaushika, akaupima mikononi. Akalipa.

Halafu Baba Mdogo akaniona na puta yangu (natembea nayo kila mahali siku hizi). Huwa ananiita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Akanisalimia kwa lugha ya kwetu, “Kamwene, mama. Ndilo jembe la shule hilo?” Nikamweleza. Hajawahi kuona gofu. Akalaza kikombe cha bati chini kwenye maranda.

“Lima nikuone.”

Nikapiga mpira. Kulia. Nikapiga tena. Kulia. Akasema taratibu, “Mkono wako unazunguka, mama. Mpini huu unataka mkono usiozunguka. Tena mrefu kwako. Alikupimia nani?”

Nikalia. Nikasingizia maranda yameniingia machoni. Nikamwambia yote, zawadi, makofi, Arusha. Alisikiliza huku anasugua kipande cha mwati, mti anaochongea mipini. Akasema hata bibi yangu alipoolewa alipewa jembe na wakwe, na mwezi haukuisha akabadilisha mpini. Hakuna aliyekasirika. Jembe lilikuwa lile lile.

Akawasha moto, akaweka shingo ya puta juu yake mpaka gundi ikaachia. Ningeweza kusema subiri. Kawaida nanyamaza kwa sababu naogopa. Leo nilinyamaza kwa sababu nilitaka.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nane kati ya kumi! Uani, kwenye kikombe. Kichwa kile kile, shafti mpya ya mwati, imenyooka, fupi, mikono yangu inaning'inia yenyewe. Nimeilaza kidoleni — ncha chini!

Shafti ya chuma nimeifunga kwenye kanga, chini ya kitanda. Nikiikumbuka najisikia mwizi.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Baridi kali, umande umeganda kwenye mashamba ya chai. Naandika nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kilabu cha gofu.

Zamu yangu ya mipira kumi ilipofika nikatoa puta. Wavulana wakaanza. “Esnath umekuja kupalilia?” “Tuletee na mbolea!” Mwalimu akaja. Akaiona. Uso wake sikuuelewa. Akaichukua, akailaza kidoleni mbele ya wote. Ncha ikashuka. Wavulana wakasogea kuona.

Akauliza shafti yake iko wapi. Nikafungua kanga nikampa. Akapitisha kidole pale ilipopinda. Akauliza tangu lini nilijua kwamba hainifai. Nikasema tangu ile siku ya kidole. “Na nilipouliza kama kuna mwenye swali?” Nikasema niliogopa, mwalimu. Ulinipa mbele ya watu.

Mama mmoja wa kamati ya kilabu akasema kwanza waangalie kama fimbo ya mti inakubalika. Mwalimu akaniambia, wakikataa kuna nyingine stoo, imepinda kama ile, nitacheza na hiyo, sawa?

Na mimi — mimi! — nikasema, “Hapana, mwalimu. Hiyo sitaiweza. Mkono wangu unazunguka.”

Sijawahi kumwambia mtu mzima hapana. Sauti ilitoka kubwa mpaka Scolastika akaacha kutafuna.

Wameingia ndani na puta yangu. Dakika ishirini sasa. Scolastika kaingiza saba, Irine, mwenzetu mwingine, sita. Nafasi ni mbili. Nikicheza na ya stoo sifikishi hata tatu, na nimeshasema sichezi nayo. Kwa hiyo ni ile au nirudi nyumbani. Ajabu, siogopi.

Mlango unafunguka. Mama wa kamati katangulia, hacheki wala hakunji uso. Mwalimu yuko nyuma yake. Anakuja huku kwangu. Puta yangu anayo, hajaibeba begani kama anavyobeba zake. Ameishika kwa mikono miwili, kama nilivyoipokea mimi siku ile ya makofi.