Swali la Nne, kwa Lugha ya Sokoni

Jumatatu, 3 Machi

Kazi mpya! Dodoso la maradhi ya nyonga za wanawake — mkojo kuvuja, kizazi kushuka, choo kutoka bila ruhusa. Mimi natafsiri, mwenzangu anairudisha tafsiri yangu kwenye lugha ya mwanzo, kisha kamati inalinganisha. Kamati yenyewe: wanaume wanne na mimi. Safi kabisa! Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuogopa chafya.

Mimi naiogopa. Tangu nizae mapacha, nikicheka sana nabana miguu. Hajui mtu. Si mume, si mama mkwe tunayekaa naye. Na hawatajua, thubutu!

Jumatano, 5 Machi

Kikao. Swali la nne niliandika wazi: je, unahisi nyama imeshuka na kutokeza ukeni? Daktari bingwa akashika kichwa. Eti lugha ya sokoni. Nikamuuliza wagonjwa wake wanatoka wapi, mbinguni? Mtakwimu akaniomba niwe na adabu. Wakakata hapa, wakapaka sukari pale, mpaka swali likawa: “Je, una changamoto zozote za kike?”

Wakapongezana. Chai ikaletwa.

Ijumaa, 14 Machi

Majaribio ya dodoso kliniki. Hapana, hapana, namshukuru Mungu, hapana. Mmoja tu kasema ndiyo. Changamoto gani, mama? “Mume wangu.” Nikacheka — nikabana miguu.

Mtakwimu kafurahi huyo! Wanawake wa hapa ni chuma, anasema. Na anayejibu ndiyo anatibiwa bure na bingwa siku hiyohiyo. Bingwa kashinda ofisini anachezea simu. Kuna muuza mboga alikaa nusu tako muda wote, uso umemkunjika. Naye kasema hapana, kaondoka na maumivu yake. Hilo liliniuma. Nikawawakia kikaoni: adabu yenu inamtibu nani? Bingwa akanywea.

Wamerudisha maneno yangu yote! Nimerudi nyumbani natembea kwa maringo.

Jumapili, 16 Machi

Harusi ya binamu wa mume. Mama mkwe kagoma tena kwenda. Kiuno, anasema. Mwaka mzima kiuno! Na nguo zake hataki nimfulie, eti navunja vifungo. Nimemwambia mume, mama yako anaringa. Akanuna hadi jioni.

Jumanne, 18 Machi

Maneno yangu yanafanya kazi. Asubuhi hii wanawake wamesema ndiyo mpaka penseli imechongwa upya. Mmoja kalia, akasema hakujua kama kitu hiki kinaulizwa. Nilivimba kichwa, sikatai.

Utaratibu: kila wa tatu kwenye foleni ya presha anaingia chumbani kwangu. Mlango ukafunguliwa — mama mkwe!

Nikatoka mbio kumtafuta nesi tubadilishane. Mtakwimu akanizuia koridoni. Huwezi kuchagua mtu, utaharibu sampuli. Sampuli! Niliiombea mvua ya mawe sampuli yake.

Nikarudi. Nikasoma nimeinamia meza. Swali la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne nikaiacha fomu. Mimi, mpiganaji wa lugha ya sokoni! Nikasema kwa upole, Mama, je, una changamoto zozote za kike?

“Soma kilichoandikwa, mwanangu.”

Nikasoma. Akasema ndiyo. Tangu amzae mume wangu. Hajamwambia mtu. Kukaa kunamuuma, kucheza ngoma hawezi, nguo anafua kabla hatujaamka. Na mimi nilimwita mwenye maringo. Nimeona aibu, Mungu wangu!

Nikamwambia bingwa yupo, atamwona leo, bure. Hakuinuka. Akavaa miwani, akaivuta fomu, akanisomea mimi. Mkojo kuvuja ukicheka. Ukikohoa. Ukiinua mtoto. Neno kwa neno, maneno yangu mwenyewe, bila kupepesa.

“Nakuona unavyobana miguu. Tutaingia wote. Peke yangu siendi.”

Nikamwambia hapana, mimi sina kitu.

Akaniangalia. Akaivua miwani. “Basi na yangu futa. Nimekosea.”

Akatoka.

Nesi kaja kuniuliza kama kuna jina jingine la kumpelekea bingwa, maana anajiandaa kuondoka. Nimemwambia asubiri kidogo. Kifutio kiko mkononi. Mlango uko wazi; namwona mama mkwe kwenye benchi la koridoni, mkoba magotini, kakaa nusu tako.