Muchi Wangu mu Kinu cha Yaya

Liège

Yaya Mapendo, dada yangu mukubwa,

Mumeamukaje huko Mulongwe? Goti la Mama linasemaje? Nilisikia muto umejaa tena, na mawazo yangu yote ikakimbilia mulango wenu wa nyuma. Niambie kama maji iliingia mu nyumba, na usinifiche eti kwa sababu niko mugonjwa. Minye si mugonjwa tena. Kaa chini, nikueleze.

Unakumbuka vile tulikuwa tunatwanga sombe, yale majani ya muhogo, michi miwili mu kinu kimoja, weye unashusha, minye ninainua. Ule mwaka wa mwisho nilikuwa ninagonga muchi wako kila mara, pumzi inakatika, na weye ukasema ni uvivu. Sikukasirika, maana hata minye nilifikiri ni uvivu. Kumbe moyo ulikuwa umeshaanza kupiga ovyo.

Hapa walipofungua kifua ili watengeneze mulango wa moyo uliokuwa unavujisha damu, walichoma pia mistari mu nyama ya moyo yenyewe. Daktari alinieleza kwamba ni ya kuzuia umeme wa moyo usizungukezunguke, upite njia moja tu. Nikawaza Baba Mudogo wa Luberizi na fito zake, vile anazuia ng'ombe wasiingie mu mupunga.

Basi nikatoka hopitali. Siku kidogo tu, moyo ukarudia ujinga wake. Nililia, Yaya. Nilisema wamenipasua bure. Daktari, mama mumoja mupole, akasema moyo uliochomwa unavimba kama jeraha yoyote, nivumilie miezi kidogo. Kisha watanivalisha mashini ndogo ya kusikiliza mapigo. Ikiwa sawa, nitapanda ndege nikamuone Mama. Ikikataa, wataanza matibabu tena na safari itangoja.

Na minye karibu niharibu. Weye unajua wamama wa kanisa, hawaendi kuona mugonjwa na mikono mitupu. Kila mumoja alikuja na sufuria ya sombe, mafuta ya mawese inaelea juu, samaki ndagala ndani, eti irudishe damu. Ningemukataliaje muntu aliyetoka mbali na treni, sufuria mu mapaja? Nilikula yote, na kwa furaha. Kumbe sombe nyingi inapigana na dawa ninayomeza ili damu isigande. Walipopima damu, muganga wa hopitali alishituka, akauliza nimekula nini. Nikamwambia. Akauliza sufuria ngapi. Nikaanza kuhesabu na vidole.

Siku hizi ninakula kidogo, kipimo kilekile kila juma, na dawa wameipanga kufuatana nacho. Wamama niliwaomba walete samaki. Mumoja alinuna. Atapona.

Juma lililopita nikavaa ile mashini. Nilienda nayo kazini, ku masomo ninakosafisha, nikapangusa madarasa yote, nikapanda ngazi, ninaogopa hata kucheka nisiichokoze. Jana daktari akaniita. Akaangalia mistari ya mapigo mashini iliyoandika, minye ninaangalia uso wake.

Akasema, "Moyo wako unatembea sawa. Dawa ya damu usiiache. Nenda ukamusalimie mama yako."

Furaha ilinijaa nikasahau hata kumushukuru. Nilikuwa nimeshafika mulangoni ndipo nikarudi.

Kwa hiyo ninakuja, Yaya, mara tu likizo ya masomo ikianza. Umuambie Mama polepole, asiruke na lile goti. Umusalimie Baba Mudogo, ng'ombe zake pia. Umusalimie Shangazi wa Katogota aliyefunga kwa ajili yangu, sasa ale. Na Shemeji, bwana yako, umuambie atoe mifuko yake ya simenti ku kitanda changu.

Ninajua tangu niondoke unatwanga na muke wa jirani. Umushukuru, halafu arudishe muchi wangu. Safari hii nikikugonga, itakuwa uvivu kweli.

Mudogo wako anayekupenda,
Riziki