Mama Pembesita na Chupa Zake Mbili

Umetimia mwaka mmoja, Mama, tangu kiti chako cha pale dirishani kibaki bila mwenyewe. Tungependa kukwambia kwamba nyumba iko shwari na kila kitu chako kiko pale pale ulipokiacha. Lakini hukutulea kusema uongo, na vitu vyako havikukaa pale pale. Basi kaa kitako kwanza, tuna jambo la kukiri.

Kabla ya hapo tukusifu kidogo, maana ulikuwa hutaki kusifiwa na sasa huwezi kutukatiza. Ulikuwa mkemia kwa miaka thelathini na minane. Wanafunzi walikubandika jina la Mama Pembesita, kwa sababu ile pete yako ya kaboni sita uliichora kila penye nafasi: nyuma ya bahasha, pembeni mwa gazeti, kwenye mvuke wa dirisha la jikoni, na siku moja, kwa kidole, juu ya unga tuliokuwa tunaukanda. Majirani waliposikia unachunguza misombo ya aromatiki, yaani kemikali zenye kunukia, walikuja na vichupa vyao kuomba manukato. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Hilo ni jina tu, jirani," ulimwambia mmoja wao. "Mingine ukiinusa utahama nyumba!"

Mwanafunzi akiingia ofisini kwako amenuna, hukumuuliza jaribio limekwendaje. Ulimuuliza, "Umekula?" Akisema hajala, jaribio lilingoja. Sisi wanao tuliona wivu, tusikufiche, maana nyumbani ulikuwa unasahau chakula jikoni mpaka kinaungua, wewe uko mbele ya karatasi unachora pete.

Baba ulimpata kwa sababu ya koti. Hadithi hii tumeisikia mara mia na tunaomba ruhusa tuisimulie tena. Ulimpelekea koti lako la maabara, limetobolewa na asidi kama chujio, ukataka akushonee lingine kama hilo. Fundi kijana, badala ya kutazama kitambaa, akawa anakutazama wewe. Ulipokuja kulijaribu, koti lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Mkono wako wa kulia uliingia ukapinda, ukabaki umeelekea mgongoni. Baba anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. Akashika mkasi aufumue. Wewe ukapiga kelele, "Usiuguse!"

Koti hilo ulilivaa darasani kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo. "Tazameni," ulisema huku umepinda. "Kitambaa kile kile, vipimo vile vile, vifungo vile vile. Mkono wa kushoto na wa kulia utadhani ni kitu kimoja, mpaka siku utakapouvaa. Misombo mingi iko hivyo hivyo. Ni mapacha wanaotazamana kama mtu na kioo chake, na mwili wa binadamu ndio koti. Mwili unajua nani ni nani." Baba alihudhuria somo hilo mara moja tu, akakaa kiti cha nyuma kabisa, amejifunika uso kwa kofia.

Sasa tuje kwenye maungamo.

Unajua mwenyewe ulivyohangaika miaka kumi na moja na wale mapacha wako wa mwisho. Ulipostaafu ulirudi nyumbani na fuwele zao, nyeupe, ndogo kama ufuta. Ulituapia kwamba si sumu. Bahati yako ilikuwa moja: mapacha hao wakiganda, kila mmoja huganda kivyake, na ukimtazama kwa lenzi unaona begani pake kijisehemu bapa kilichoelekea kushoto au kulia. Ukakaa kwenye meza ya cherehani ya Baba, karibu na dirisha, na kibano mkononi, ukawa unawatenganisha mmoja mmoja. Wa kushoto kwenye chupa uliyoichora kiganja cha kushoto, wa kulia kwenye chupa yenye kiganja cha kulia. Wenzako wa maabara nyingine walikuwa wanasubiri chupa ya kushoto waijaribu kama inatuliza maumivu ya viungo. Ila walitaka iwe safi. Ile mashine inayopitisha mwanga ilitakiwa ioneshe mwanga umegeuzwa upande mmoja digrii kumi na nane na nusu, zisipungue. Ya kwako ilifika kumi na saba ikagoma. Katika daftari lako, mstari wa mwisho kabisa, umeandika: "Kumi na saba. Wa kulia bado wamejificha humu. Macho yamechoka. Nitaendelea kesho." Tuliusoma mstari huo tukalia sana, Mama.

Wiki ile ya msiba nyumba ilijaa watu, na Mama Mdogo, mdogo wako wa tumbo moja, akajitwisha kazi ya kupanga kabati. Unamjua. Hawezi kuona kitu kimekaa nusu nusu. Aliona chupa mbili ndogo, kila moja imejaa nusu, ndani kitu cheupe kile kile. Akaimimina moja ndani ya nyingine. Ile iliyobaki akaiosha vizuri, akaweka humo pini za Baba.

"Nilisema hii ni mikono miwili ya mtu mmoja," alijitetea baadaye, kijasho kinamtoka. "Si inakaa pamoja?"

Aliyegundua ni mwanafunzi wako wa mwisho, yule mama wa watoto wawili uliyemwita Taratibu kwa sababu hakimbii hata mvua ikimnyeshea. Alikuja kuzitazama chupa, akakuta moja. Aliuliza, akajibiwa, akaketi sakafuni. Alipeleka chembe chache kwenye mashine, na mwanga ukapita umenyooka, kwa sababu kila pacha alikuwa anauvuta upande wake. Sifuri. Wewe hukuwapo tena uanze upya, na sisi ndio tulioharibu. Mama Mdogo kuanzia siku hiyo hakugusa hata kikombe katika nyumba hii. Akawa haji tena.

Siku ya tatu Baba akamwambia Taratibu, "Lete hiyo lenzi yake nione." Akainama juu ya meza yake. Tukasubiri.

"Si mabega haya?" akauliza. "Huyu bega lake liko kushoto. Huyu kulia. Huyu kulia tena. Shida iko wapi?"

"Baba, mimi fuwele kumi zinanichukua nusu saa," Taratibu akasema, macho yamemtoka.

"Wewe hujawahi kukosea mkono wa koti mbele ya mtu unayetaka akupende," Baba akamjibu. "Mimi tangu siku ile sijakosea tena."

Basi akachapa kazi miezi saba. Kila asubuhi akimaliza chai ananawa mikono, anavaa lile koti lako la mikono miwili ya kushoto, mkono wake wa kulia umepinda hivyo hivyo, anakaa. Tulimwambia avae la kawaida, litamchosha. Akasema lile linamkumbusha kutazama anachofanya. Hakuharakisha hata siku moja. Fuwele akiitilia shaka, hakubahatisha, aliiweka kwenye kifuniko cha chupa na kusema, "Hii nitamwuliza mwenyewe." Mara nyingine tulimsikia anazungumza peke yake, anakuelezea amefika wapi, anakutania kwamba huyu na huyu lazima ndio waliokuponyoka.

Siku ya kupima tulikwenda sote maabara. Mama Mdogo tulimleta kwa nguvu. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, asije akagusa kitu. Taratibu akaweka chembe za chupa ya kushoto, akatazama, akafuta miwani, akatazama tena. Kwa kweli siku hiyo tulitamani awe na haraka kidogo.

"Kumi na tisa," akasema.

"Ni mbaya?" Mama Mdogo akauliza.

"Ni safi kuliko alivyoiacha Profesa mwenyewe!" Taratibu akasema, na hapo akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mama Mdogo alipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio akidhani kuna moto. Wale wa kulia uliokuwa unawatafuta, Mama, waliojificha, fundi wako aliwatoa wote. Kama chupa zisingechanganywa, hakuna ambaye angethubutu kuzigusa, na hadi leo zingekuwa kabatini na kumi na saba yao.

Baba alitoka, akakaa kwenye benchi la ukumbini. Tulipomfuata akatuambia, "Msimwambie. Hatakubali kwamba nimempita." Tukamwahidi. Na sasa tumekwambia, tena gazetini, mbele ya watu wote. Atusamehe.

Chupa imeshapelekwa kwa wenzako. Majibu bado, na hatutaki kutia chumvi. Lakini Taratibu ameandika ripoti, na juu yake kuna majina matatu: lako, lake na la mumeo. Kila mtafiti huandika hapo mahali anapofanyia kazi. Walipomuuliza Baba aandikwe vipi, alijibu, "Fundi cherehani, meza ya dirishani." Na ndivyo ilivyochapishwa.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado anakuwekea kikombe mezani na kujitia amesahau. Unakumbukwa na sisi wanao watatu, na wajukuu wako wawili, mmoja wao akiwa mchoraji hodari wa pembesita zenye pembe saba. Unakumbukwa na Taratibu na wote uliowauliza kama wamekula. Unakumbukwa na mdogo wako, ambaye Jumapili iliyopita aliingia jikoni kwetu bila kupiga hodi, akaosha kila kikombe na kulipanga kabati lote upya, na sisi tukamwacha.

Kwenye kifuniko pale dirishani zimebaki fuwele tisa. Hatujui zipi za kushoto, zipi za kulia. Taratibu alitaka kuzipima, Baba akakataa. Anasema hana haraka, mtakapoonana mtazitazama pamoja.

Tutakukumbuka daima, Mama.