Anayemdai Issa Aje Kwetu

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ziwa limekuwa na rangi ya maji ya kuoshea masufuria, na walioanika dagaa wameingiza kila kitu ndani. Leo sikuuza mawese hata chupa tatu. Zuhura ana mafua, amenilalia begani, naandika kwa kidole kimoja. Nimechoka. Ila si kule kuchoka kwa kila siku. Ni kule kwa mtu aliyetua mzigo, ndipo anasikia mgongo ulivyokuwa unauma.

Barua imekuja.

Kwa anayeingia hapa kwa mara ya kwanza: mume wangu Issa alikuwa mwalimu wa shule ya binafsi hapa Ujiji. Alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali. Aliugua wiki tatu, akafariki, sasa ni mwaka na miezi. Mimi niliishia kidato cha nne, nauza mawese Rusimbi, na huyu binti anayekoroma begani kwangu alikuwa bado hajaota meno.

Siku ya mazishi, kaka yake Ramadhani alisimama makaburini kama ilivyo desturi, akasema, "Anayemdai Issa aje kwetu. Mimi ndiye nabeba." Wakaja wawili, fundi cherehani na mwenye duka la simenti. Wakalipwa, wakatupa pole, wakaenda. Tukadhani yamekwisha.

Kaka Ramadhani ni fundi wa mashine za boti. Maneno yake machache, na neno likishatoka halirudi. Laini ya simu ya Issa aliichukua yeye, akaitia kwenye kisimu cha tochi, akawa anaiwekea vocha. Ili akitokea mwingine anayemdai mdogo wake, akipiga apate mtu wa kumjibu.

Kumbe kwenye laini ile kulikuwa na mwingine anabisha hodi. "Ndugu mnufaika, unakumbushwa kurejesha mkopo wako." Issa alipokuwa hai walikuwa wanamkata kwenye mshahara. Mshahara ulipokoma, ndipo ujumbe ukaanza kuja. Kaka akauliza vijana wa steshenari, wakamtolea namba ya malipo, akaanza kulipa kila mwezi kwa simu, kwa jina la Issa. Hakumwambia mtu. Hata mama yake.

Mwaka mzima marehemu amekuwa akilipa.

Nilikuja kujua mwezi juzi, Kaka alipokuja kukaa kibarazani na kusema kiwanja cha Mwandiga kiuzwe. Kile cha kando ya barabara, ambacho Issa alishajenga msingi. Akanieleza habari yote akiwa anaangalia chini, kama yeye ndiye mwenye kosa. Mashine yake ya kuchomelea alikuwa ameshaiuza. Sasa amefika mwisho.

"Deni hutangulia mirathi, Mama Zuhura. Unajua."

Najua. Ndiyo maana nilinyamaza. Mtu angekuja kwa tamaa ningempigia kelele mpaka mtaa wa pili. Huyu amekuja na viganja vitupu.

Niandike ukweli, maana hapa ndipo ninapouandika. Siku ile nilimkasirikia Issa. Mwenye duka la simenti ana uso, nikikutana naye namsalimia. Deni hili halina uso. Utamlipaje mtu usiyeweza hata kumuuliza kimebaki nini?

Asubuhi yake nilimfuata Kaka kwenye boti zake. Nikamwambia, "Nakuheshimu, shemeji. Ila kiwanja cha mtoto hakiuzwi kabla sijajua tunayemlipa anasemaje." Alifuta mikono yake kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Bahati ikawa yetu. Wiki ile ile lilipita gari lenye spika, likitangaza kwamba watu wa mikopo wapo mjini kwa siku tatu, wameweka meza ukumbini, mwenye swali afike. Nikamfunga Zuhura mgongoni, nikachukua cheti cha kifo, kile nilichokifuatilia nenda rudi mpaka ndala zikakatika, nikaenda.

Ukumbi ulijaa. Karibu wote walikuwa wamesikia mikopo imesamehewa. Dada wa mezani, mwenye miwani, alikuwa anarudia maneno yale yale kwa kila kundi, sauti inakaribia kukauka.

"Kilichoondolewa ni adhabu ya kuchelewa, na ile tozo iliyokuwa inaongezeka juu ya deni. Mkopo wenyewe uko palepale. Ukiajiriwa utakatwa. Kama hujaajiriwa, njoo tupange utalipaje."

"Kwa hiyo hakuna anayefutiwa?" aliuliza jamaa mmoja wa bodaboda, kofia ngumu mapajani. Alishatuambia kwenye foleni kwamba ana shahada ya hesabu.

"Aliyefariki."

"Basi niandike, dada. Mimi nimekufa tangu siku ya mahafali. Ni hii pikipiki tu inanizungusha."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sijui ilinitoka wapi. Kisha jamaa akageuka, akaona karatasi niliyoshika, akaona na mtoto. Akasimama. "Nisamehe, dada yangu. Pita mbele." Foleni nzima ikanipisha. Nilitamani warudi kucheka.

Dada akaandika jina la Issa kwenye kompyuta, akaangalia, akaangalia tena.

"Mbona huyu analipa? Hata mwezi uliopita amelipa."

"Kaka yake ndiye analipa. Alibeba deni kaburini."

Akavua miwani. "Mama, marehemu wako analipa vizuri kuliko hawa wote walio hai."

Hakusema kwa dhihaka. Akanivutia kiti, akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake kusuka. Kwamba msiba haufiki wenyewe kwenye kompyuta. Kwamba maadamu mtu analipa kwa jina lake, kwao Issa yupo, tena mzima. Kwamba familia ndiyo inatakiwa kupeleka taarifa: cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa, na barua ya familia yenye saini ya msimamizi wa mirathi. Vinapelekwa makao makuu, vinahakikiwa, ndipo deni linafungwa. Na Kaka asilipe tena mpaka tujibiwe.

Nikauliza, na kilicholipwa? Akasema kuhusu hicho hawezi kuniahidi kitu. Nikampenda kwa kutonidanganya.

"Sisi hapa hatusamehi, mama. Tunapokea karatasi."

Msimamizi wa mirathi ni Kaka Ramadhani. Na Kaka alikataa kusaini.

Alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yake, barua ya familia mkononi, hataki hata kukaa. "Nilisema mbele ya kaburi, mbele ya watu, kwamba nitalipa," alisema. "Leo niende nikaombe nisamehewe? Watu watasema niliapa nikatafuta mlango wa nyuma. Na Issa je? Nitamwambia nini?"

Ndipo nikaelewa kwamba mwaka mzima hakuwa analipa deni. Alikuwa anamtunza mdogo wake. Kila mwezi alikuwa na kitu cha kumfanyia.

Mama mkwe wangu alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Ramadhani. Mwenye kudai akisema naacha, wewe utamshika mkono kwa nguvu apokee?"

"Hajasema, Mama."

"Kwa sababu hajui kwamba mwanangu amekufa. Mwambie. Umemficha mwaka mzima."

Punje zikaendelea kugonga ungo. Kisha Mama akasema taratibu, "Na kiburi ukikivika kanzu, ni kiburi vilevile, baba."

Akasaini. Aliandika majina yake yote matatu kwa herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la pili. Mimi nikaenda nje nikajifanya natafuta kuni.

Hayo yalikuwa ya mwezi juzi. Vijana wa steshenari wakazituma karatasi makao makuu kwa barua pepe yao. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kungoja. Nimefua, nimepima mawese, nimeuguza malaria mbili, ya Zuhura na yangu, na kila nikilala nawaza ule msingi wa Mwandiga unaoota majani.

Leo saa nne vijana wa steshenari wameniita, kuna barua pepe. Wakaichapisha. Nikaiweka kwenye mfuko wa nailoni, mfuko nikauweka kifuani, nikatembea na mvua mpaka kwa Kaka.

Aliniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nisome tena. Mara ya tatu alitaka ule mstari mmoja tu, unaosema kwamba kutokana na kifo cha mnufaika, deni lake limefungwa. Akaegemea mlango, akafumba macho.

"Nilisema mbele ya watu," akasema. "Kesho baada ya Ijumaa nitasema tena mbele ya watu. Kwamba mwenye kudai ameacha."

Nikamuuliza kuhusu kiwanja, kwa sababu jambo la mtoto haliulizwi kwa kuzungukazunguka. Akasema Mama ameshalitoa fungu lake la mirathi kwa mjukuu, na lake ni hivyohivyo. Kisha akaenda ndani, akarudi na kile kisimu cha tochi. Akasema sasa haina haja, hakuna tena atakayepiga, kesho ataitoa laini aivunje.

Hapa pana jambo sijawahi kulisema. Mimi niliwahi kuipiga namba ile. Si mara moja. Inaita, nasikia inaita, nakata kabla Kaka hajapokea. Sikuwa nataka kuongea na mtu. Nilitaka tu iite.

Nikamwambia asiivunje, anipe mimi.

Alinitazama. Sijui kama siku zote alikuwa anajua nani anapiga na kukata. Akanipa, na chaja yake.

Basi nimeamua. Siwezi kumalizia nyumba ya Issa mwaka huu, labda wala mwaka ujao. Ila juu ya ule msingi naweza kusimamisha kibanda cha mbao, kando ya barabara ya kutoka bara, kila gari linaloshuka mjini linapita pale. Nitauza mawese, na dagaa jua likirudi. Nitatafuta kipande cha ubao na rangi, niandike MAWESE SAFI, na chini yake namba ya Issa. Ile ambayo mwaka mzima ilikuwa inangoja wanaomdai.

Zuhura amejigeuza begani, pua imefunguka kidogo. Kesho tukitoka kusikiliza tangazo la baba yake mkubwa, tutapitia dukani kuuliza bei ya ubao.

Sijui nani atakuwa wa kwanza kupiga. Ikiita, safari hii nitapokea.