Mwalimu wa Kadi, Hili Hapa Jibu Lako

Mwaka mzima umekatika leo, Mwalimu, tangu ulipotutoka asubuhi ile katika wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Watoto walitaka tangazo fupi gazetini, picha yako umevaa tai na maneno mawili matatu. Nimewaambia wanipishe. Nina jambo la kukwambia, na nitalisema mbele ya watu, maana kulibeba peke yangu nimechoka.

Wanaokufahamu wanaijua kazi yako. Miaka ishirini na sita ulifundisha kemia katika shule ile ile moja, na kengele ya mwisho ikishalia ulihamishia darasa barazani kwetu. Walikuja watoto wa mtaa mzima, hata wa shule nyingine, hata wale ambao walimu wao walishawakatia tamaa. Ukiwakuta wamekaa mkekani, madaftari magotini, uchovu wote ulikuwa unakutoka. Ulikuwa hata viatu huvui.

Kadi ulizikata mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya viatu. Mbele alama ya elementi kwa wino mwekundu, nyuma jina lake kwa wino wa bluu. Kwanza zile ishirini za mwanzo, kutoka hidrojeni mpaka kalsiamu, halafu wale uliowaita wakorofi: chuma, shaba, fedha, bati, dhahabu, zebaki, risasi. "Hawa alama zao hazifanani kabisa na majina," ulikuwa unasema, "kwa hiyo wajue kwa sura, kama unavyowajua majirani." Zote zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukilitikisa tu, baraza zima kimya.

Nakumbuka msichana mmoja alipoandika Po akimaanisha potasiamu. Ulishika kichwa. "Mama wee! Hiyo ni poloni, sumu ya kumaliza mtaa mzima! Nani amekutuma?" Alicheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo hakusahau tena kwamba potasiamu ni K. Wenzake wakambandika jina la Po, likamganda.

Mimi nilikuwa jikoni. Dirisha langu linaangalia baraza, na kila siku nilisikia neno lako moja. Mtoto akikwama, akakutazama kwa macho ya kuomba, ulisema, "Jaribu." Akibahatisha vibaya, "Jaribu." Siku moja nikakuuliza kwa nini unawatesa watoto wa watu. Ukanijibu, "Jirani, nikimwambia mimi, kesho amesahau. Akilitafuta mwenyewe, halimtoki."

Jirani. Ndivyo ulivyoniita tangu tulipokuwa tumepanga vyumba viwili vinavyotenganishwa na ukuta mmoja, ukaja kupiga hodi: "Jirani, naomba pasi." Pasi ulirudisha, jina hukurudisha. Tumeoana, tumezaa, tumezeeka, bado Jirani. Watu walitucheka, nawe ulizidi kuliita kwa sauti.

Ugonjwa ulianza na majina ya watu. Ulisimama mbele ya darasa na daftari la mahudhurio, ukashindwa kuita. Mkuu wa shule alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema ni vizuri upumzike. Daktari alisema ubongo unasinyaa na hakuna dawa ya kuurudisha. Lakini elementi zilibaki, jamani! Hilo ndilo lililonichoma. Ulimsahau mwanao wa kumzaa, ukamkuta sebuleni ukamwuliza anauza nini. Ulisahau choo kiko upande gani. Ukionyeshwa Pb, papo hapo: "Risasi." Niseme ukweli, niliyaonea wivu yale makadi. Siku nyingine nilitamani niyatie jikoni yaungue yote.

Binti yetu, fundi cherehani, ndiye aliyepata wazo. Alitafuta maboksi ya viatu, akatukata sisi. Mbele picha, nyuma jina na uhusiano. Akakukalisha barazani, akakufundisha familia yako kama ulivyowafundisha wengine. Siku ya nne ulishika kadi ya mwanao, ukaigeuza geuza, ukasema, "Huyu kijana ni wangu." Alitoka nje, mwanamume mzima na ndevu zake, akaenda kulia nyuma ya nyumba.

Kadi yangu pia aliikata. Nikaificha kabatini, chini ya mashuka. Nilimwambia, "Miaka thelathini na moja nimelala ubavuni kwake, leo nijulikane kwa boksi la viatu? Atanijua mwenyewe." Kilikuwa kiburi, Mwalimu, nakiri.

Kila asubuhi nilipokuosha uso uliniuliza kwa adabu, "Samahani mama, wewe ni nani?" Ile samahani iliniuma kuliko swali lenyewe. Nikakujibu kwa neno lako: "Jaribu." Ulilitambua hilo neno. Ulitabasamu, ukakunja paji la uso, ukaanza kutafuta. "Muuguzi?" Jaribu. "Mwenye nyumba?" Jaribu. Siku moja ulinikazia macho, ukasema, "Wewe ni mwanafunzi wangu, tena husomi." Tulicheka wote wawili, halafu nikaenda kujifungia bafuni.

Binti alinijia juu. "Mama, si umwambie tu! Huu si mtihani."

"Niache," nikasema. "Baba yako ndiye aliyenifundisha."

Nilitaka mara moja tu, kabla hujaondoka, uniite mwenyewe bila kupewa jibu. Miezi saba nilingoja.

Jioni ya mwisho, ulipokuwa umelazwa kwa ajili ya kifua, mkono wako ulikuwa umevimba kwa dripu. Nilikuwa naukanda taratibu. Ukauliza, "Wewe ni nani, unanishika vizuri hivi?" Jina lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikasema, "Jaribu." Ulifumba macho muda mrefu, mpaka nikadhani umelala. Kisha ukasema, "Nimechoka. Nitajaribu kesho."

Kesho yake nilifika na chupa ya uji, nikakuta godoro limeshakunjwa.

Muuguzi aliniambia kwamba kabla ya kukata roho uliuliza kama yule mama atarudi. Nimelishika hilo mwaka mzima. Sijui kama ni jibu. Wewe usingelitolea hata nusu maksi.

Mwezi uliopita alikuja Po. Ni mtu mzima sasa, anafundisha. Aliniomba kopo la kadi kwa ajili ya wanafunzi wake, nikampa. Tulipokuwa tunaongea nikamwambia kwa utani, "Usiwaonee huruma. Jaribu, jaribu, mpaka wapate."

Akanitazama. "Mpaka wapate? Hapana, mama. Mwalimu alitupa mara tatu tu. Ukikosa ya tatu, anaigeuza kadi mwenyewe. Anainama, anakunong'oneza jina sikioni ili wenzako wasijue umeshindwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda nyumbani bila jibu lake."

Miaka yote ile, Mwalimu, nimesimama dirishani, nasikia "jaribu" na sisikii mnong'ono. Nilijua nusu ya kazi yako, na kwa nusu hiyo nikakuhukumu. Ulijaribu mara tatu, ulijaribu mara mia mbili, na mimi nikakuacha uende bila jibu. Nisamehe. Wewe hukumfanyia hivyo mtoto wa mtu yeyote.

Ningeinama nikunong'oneze, lakini sikio silioni tena. Kwa hiyo naandika. Wasomaji mtaona tangazo hili lina picha mbili, na watoto wameniuliza mara nyingi kwa nini ya pili ni ya mtu aliye hai. Hiyo ndiyo mbele ya kadi, Mwalimu, ile niliyoificha chini ya mashuka. Nyuma yake, kwa wino wa bluu, binti yako aliandika hivi:

Jirani. Mke wako.

Unakumbukwa na binti yako mshonaji, mwanao ambaye mpaka leo anaitunza kadi yake mfukoni, wajukuu wawili uliokuwa ukiwaita "nyie hapo", dada zako, walimu wenzako, Po na wote waliokaa kwenye mkeka ule, na mimi niliyekuwa dirishani. Tutakukumbuka siku zote tutakazojaliwa kukumbuka.