Kijicho

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani, na macho yanaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tunamshukuru Mungu. Cherehani inazunguka na wateja wananuna kama kawaida yao.

Kuna neno limenikaa rohoni tangu ulipokuja. Ulisema kazini kwenu mnapelekwa kupimwa mwili mzima kila mwaka, na daktari akakukuta na presha ya macho kabla hujasikia hata kuwashwa. Ukanihimiza na mimi nikapime, kwa kuwa ugonjwa huo hutembea kwenye damu. Nikakubali. Ulipogeuka tu nikamwambia jirani yangu wa kibandani kwamba wenye mishahara wamekosa shida, wanakwenda kuitafuta hospitali. Mtu hana hata mafua, anamfuata daktari kumwuliza, eti, naumwa nini? Tulicheka hadi pini zikatutoka mdomoni.

Moyoni sikucheka. Nilishakuonea kijicho kwa viatu, kwa nyumba, na sasa hata kwa ugonjwa, maana wako ulikamatwa ungali mchanga. Sisi wa cherehani hospitali ni ya siku mguu unapokataa kusimama. Nifunge kibanda kutwa nami ni mzima, watoto wale nini? Nimesali Mungu aniondolee kijicho hiki. Naona bado ananisikiliza.

Juzi vumbi liliniingia jicho la kulia. Nikaliziba kwa kiganja, na kibanda chote kikazimika. Jirani akauliza mbona nimeganda. Nikasema umeme umekatika. Akanicheka, akasema, we fundi, umekatikaje na redio inaimba?

Nilikwenda zahanati, mdogo wangu. Muuguzi amesema jicho la kushoto limekufa na halirudi. La kulia nalo limeanza kupungua, nimwone daktari bingwa haraka, huenda likaokoka. Mume wangu sijamwambia. Wewe ndiwe wa kwanza.

Nipeleke kwa daktari wako. Usiniulize kwa nini sikwenda uliponiambia, nimeshakueleza. Na nikikaa pale nikaona anavyokujua kwa jina, kijicho kitanipanda tena. Nivumilie, lakini nipeleke.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mungu awalinde. Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi dada yako,
Fundi