Buti za Kwa Mathias

Jumanne, 17 Juni

Shoga yangu Efrazia kashinda. Tunakwenda Malawi — mlima Mulanje! Mimi, Hajira, niliyeandika gazetini kwamba mtu anayelipa ili achoke na kulala kwenye hema hana matatizo ya kutosha nyumbani kwake. Nimeitafuta makala ile leo nikaisoma. Nzuri. Bado nakubaliana nayo. Nakwenda hivyo hivyo.

Efrazia kastaafu, anataka kutembea. Mtu wa Rombo, kakua mlima uko dirishani, hajawahi kuupanda. Nikamuuliza kwa nini asianzie kwao. Akasema kwao kila atakayekutana naye njiani ni shemeji, na kila shemeji atauliza anamkimbia nani. Nikaulizia nauli. Mimi!

Sadick hakucheka. Mume wangu akitaka kupinga jambo hunyamaza kwanza, kisha huleta sharti. Safari hii sharti ni la kliniki: miguu. Nina sukari, na wayo wa kushoto umeanza kufa ganzi. Sista Stellamaris kaniambia waziwazi: ngozi ikiwa nzima, panda unachotaka. Kukiwa na kidonda, hata cha ukubwa wa punje ya mtama, unabaki nyumbani na unakuja kwangu siku hiyo hiyo. Wenzangu wawili wa kliniki wamekatwa mguu. Wote walianza na kitu kidogo.

"Mama Saida, nitakagua mimi," kasema Sadick. Kama anavyokagua kila siku baada ya magharibi, na beseni la maji na kioo chake cha kunyolea. "Miguu mizima, nakubebea begi mpaka stendi."

Basi la Malawi linaondoka Alhamisi, tarehe tatu Julai. Sasa tatizo ni kiatu.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya nguo. Mwongoza watalii wa kule katuma ujumbe: Julai ni baridi, ukungu, manyunyu yasiyokatika. Lete sweta la sufu, koti la mvua, soksi nene, usije na pamba tupu kwa sababu ikilowa haikauki. Hapa Kibaha, mtaani kwetu Picha ya Ndege, jasho linatutoka tukiwa tumekaa. Nimezunguka maduka yote nikiulizia sweta zito. Firdausi wa duka la kona akaniuliza kama ninahamia Makete kwenye baridi.

Efrazia kanunua suti ya michezo ya rangi ya waridi. Inawaka. Anasema tukipotea ataonekana kutoka angani.

Mimi nimechukua suruali ya kitambaa kigumu, na juu yake nimeshonesha gauni la kufika magotini. Ilikuwa nimvae fundi cherehani kwa kunichelewesha, lakini jirani Khalfani akanivaa mimi kwanza. Alikuwa anapita tu.

"Dada Hajira, suruali? Na umri huu?"

Nikamwambia mlimani kuna upepo. Upepo unalipandisha dera mpaka kichwani. Achague mwenyewe, lipi la stara?

Akaenda zake. Fundi cherehani alicheka mpaka akashona mkono vibaya.

Na kanga mbili. Mwongozaji hakuzitaja. Hajui kitu. Kanga ni shuka, taulo, pazia, mswala, na mtu akiumia ni bendeji.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda sokoni Kwa Mathias. Viatu vya mitumba vimepangwa chini kando ya barabara kuu, vimepakwa rangi, vinang'aa kuliko wauzaji. Muuzaji kanipa mfuko wa nailoni nivalishe mguu ili uteleze ndani. "Mama, hii buti ya Mjerumani, imepanda theluji!" Nikaibana soli kwa kidole gumba. Ikameguka kama keki. Mjerumani kaiweka stoo miaka kumi, halafu kaona huruma.

Efrazia anataka twende Kariakoo, kuna mpya. Nikakataa; hata hiyo ya mitumba ilikuwa aibu. Nimeandika miaka ishirini kwamba nchi yenye ng'ombe wengi hivi haina sababu ya kuvaa vya wengine. Nikinunua buti ya nje nitaificha wapi, iko mguuni!

Nikaenda kwa Melkiori, fundi viatu wa hapo hapo, nyuma ya stendi ndogo. Ananishonea makubazi tangu tuhamie. Nikamchorea. Kapima miguu yote miwili kwa kamba, kakuna kichwa. Ngozi anayo. Soli atakata kwenye tairi. Kashawahi kushona buti za walinzi, hazijarudi.

"Zimekufa?" nikamuuliza.

"Walinzi ndio wamestaafu, mama. Buti bado ziko kazini."

Nikampa kazi palepale. Kuhusu sukari sikumwambia. Kiatu ni kiatu.

Jioni nimeandika makala. Kichwa: "Nitapanda Mulanje kwa Kiatu cha Kibaha". Imetoka bila kufuta neno. Nimeituma.

Jumatano, 25 Juni

Zimeisha. Nzuri jamani! Nyeusi, nzito, zinanukia ngozi na gundi. Melkiori hakuamini gundi peke yake, kagonga na misumari midogo kuzunguka soli yote, kama anavyofanya siku zote. "Hizi, mama, soli haibanduki mpaka kiama." Nikamsifu. Nilisimama pale namtazama akigonga ya mwisho nikamwambia aongeze kisiginoni. Akaongeza.

Nimetembea nazo ndani mpaka Sadick akaomba asikilize taarifa ya habari. Baada ya magharibi kakagua. Kulia safi, kushoto safi. Kapapasa kidole kwa kidole kama anayechagua nyanya.

Ijumaa, 27 Juni

Makala imetoka. Simu haipumziki! Mwalimu mmoja wa Mlandizi kaisoma darasani. Mwingine kaniita mnafiki, kwa sababu ya ile makala ya hema. Anayo kumbukumbu, huyo. Nimemjibu kwa adabu, kisha bila adabu.

Mchana tumepata msiba. Mjomba wake Sadick, Mlandizi. Sadick kaondoka na kanzu moja na dawa zake za presha. Atarudi Jumatano. Mlangoni kanigeukia: "Miguu ujikague mwenyewe. Na kioo." Nikasema sawa.

Jumapili, 29 Juni

Nimekwenda Kibuta, kijijini kwetu, kumuaga mama. Nje ya nchi huendi bila kuagwa, hata kama umri wako ni wa bibi. Tukaifanya ndiyo mazoezi: mimi na Efrazia tukashuka njiani, tukatembea njia ya mashambani, begi mgongoni, kamili. Vumbi jekundu, mihogo pande zote, minazi michache. Watu wakisimama na majembe kututazama. "Gari limeharibika, mama?" Hapana, tunatembea tu. "Kwa nini?" Efrazia katoa jibu tofauti kwa kila mtu. Kwa wa mwisho kasema tumeshtakiwa.

Nilikuwa na furaha. Niiandike hivyo hivyo. Miaka mingi mwili wangu umekuwa kitu cha kupimwa na kupigiwa hesabu za ugali. Leo ulikuwa unakwenda. Pumzi nzuri, magoti kimya, buti hazikuuma hata kidogo.

Hazikuuma hata kidogo!

Tulipofika kwa mama, Efrazia kapitiliza jikoni kuchoma mihogo. Mimi nikavua buti kizingitini, nikaingia kumwamkia mama. Shikamoo, marahaba, nikakaa mkekani. Mama akawa anatazama mkeka nyuma yangu. Nikageuka. Alama nyekundu, moja, mbili, tatu, kutoka mlangoni mpaka nilipokaa.

Soksi ya kushoto ilikuwa imelowa damu kisiginoni. Msumari umepenya. Kitobo kidogo, kina chake sijui kiasi gani. Nimetembea juu yake kutwa nzima nikicheka na wapita njia.

Mama hakupiga kelele. Bi Tunu hapigi kelele. Kachota maji ya uvuguvugu, kaniosha mwenyewe, kakausha kwa ncha ya kanga yake. Kauliza, "Hapa inauma?" Hapana. "Na hapa?" Hapana. Akaacha kuuliza. Akawa ameushika tu mguu.

"Mumeo atasemaje?"

"Yuko msibani, mama."

"Sikuuliza alipo."

Kisha kaniombea dua ya safari, mikono juu, ndefu, na Efrazia karudi na mihogo akasimama kwa heshima. Nikaitikia amina kwa barabara, kwa baridi, kwa watu wa ugenini. Mama akamwomba Mungu anipe ulimi wa kumwambia mume wangu kilichomo moyoni. Efrazia akasema amina, hajui lolote. Mimi sikuitikia.

Kurudi nimevaa ndala za mama. Nimemwambia Efrazia buti zina joto.

Jumatatu, 30 Juni

Nimempelekea Melkiori buti. Kaingiza mkono ndani, akautoa haraka. Akatazama kidole chake, akanitazama mimi.

"Mama, hii haikukuuma?"

"Haikuniuma."

Kaweka nyundo chini. Nilitamani anilaumu ili nami nimlaumu. Angesema ni mimi niliyeagiza aongeze kisiginoni, ningesema fundi ni yeye, tungezozana vizuri, watu wangejaa. Kachukua koleo. Kang'oa misumari yote, mmoja mmoja, kashona soli kwa uzi wa nailoni, mshono mara mbili, kaweka kipande cha ngozi laini ndani. Ngozi hiyo kaikagua kwanza kwa shavu lake. Shavu! Hakutaka malipo.

Sasa buti ni nzima kabisa. Ndiyo kichekesho.

Kliniki ilikuwa wazi. Nimepita mbele yake. Sista Stellamaris alikuwa barazani, kanipungia mkono. Nami nikampungia mkono.

Jumanne, 1 Julai

Nimeosha kwa maji ya chumvi, nimefunga kwa bendeji. Kwenye kioo naona duara jekundu pembeni ya kitobo. Jana lilikuwepo? Sikumbuki. Ubaya wa mguu huu ni kwamba hauniambii kitu. Ningejua unavyouma ningejua la kufanya. Nimeubonyeza nikisubiri, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Kama anayeficha kidonda hiki angekuwa mtu mwingine ningemchana gazetini. Waziri anayeficha ripoti, daktari anayeficha kosa, wote nimewachana. Kwa majina. Kesi yangu ningeiandika kwa aya mbili na ningelala vizuri.

Lakini siwezi kumwambia Efrazia. Kanipigia asubuhi: "Bila wewe siendi, shoga yangu, naanzaje peke yangu?" Kashaipiga pasi ile suti ya waridi. Nani anapiga pasi suti ya michezo! Na wasomaji wanasubiri. Yule wa kumbukumbu anasubiri zaidi ya wote.

Na mimi nataka kwenda. Niache kusingizia watu. Nataka ule ukungu.

Jumatano, 2 Julai

Sadick karudi saa kumi. Amekonda kwa siku chache tu. Kazika, kakesha, kapokea wageni, na bado kaninunulia njiani kitu: soksi mbili za sufu, nene, za kijivu. Sijui Mlandizi kazipata wapi. Kasema aliacha watu kwenye matanga akaenda kuzitafuta sokoni, wakamwona hana adabu.

Kaketi. Kala. Kaniuliza hali ya mama, nikasema hajambo, anakusalimu. Kaziona buti, kaingiza mkono mpaka ndani, kasifu mshono. "Kafanya kazi, huyu." Nikasema ndiyo.

Efrazia kaja mara mbili. Mara ya kwanza na karanga za safari. Ya pili amevaa ile suti, tumwone. Sadick kampigia makofi. Amezunguka sebuleni kama bibi harusi, huyu mwanamke mwenye wajukuu, na mimi nimepiga vigelegele. Sauti yangu imetoka vizuri kabisa.

Begi liko mlangoni. Suruali, gauni, sweta, koti la mvua la kuazima, kanga mbili. Bendeji nimezisukuma chini kabisa.

Magharibi imeadhiniwa. Tumeswali. Naandika haraka nikiwa kitandani, miguu ndani ya soksi zake mpya. Nimesikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Kaingia nalo, kanzu kaikunja, kioo kakibana kwapani, kapiga magoti sakafuni na pumzi ya mtu aliyechoka.

"Weka kalamu, Mama Saida. Leo ndiyo ya mwisho. Lete mguu."

Sijaiweka. Nimempa wa kulia.

Anauosha taratibu. Kidole kwa kidole. Ananihadithia msiba, nani alikuja, nani hakuja. Mzima huu, anasema, kama wa mtoto. Anaukausha. Anaushusha juu ya kanga.

Kanyoosha kiganja, hakuinua kichwa, anasubiri wa kushoto